Jeni Iliyolazwa: Mimea na Tiba ya Saratani ya Mapafu



Aliyewahi kusimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa anayajua maswali haya. "Daktari, ni kweli manjano yanatibu saratani?" "Nimeambiwa chai ya kijani inaamsha jeni za kupambana na uvimbe. Nimpe mzee vikombe vingapi kwa siku?" Anayeuliza hivyo ana mgonjwa nyumbani. Swali lake halistahili kuchekwa wala kukemewa. Ndani yake mna sayansi ya kweli, iliyochunguzwa kwa zaidi ya miaka 20, na mna hatari ambayo imekwisha kuonekana katika majaribio makubwa ya watu. Nimekuja kuvieleza vyote viwili, kwa sababu ndugu zetu wanaamua mambo ya uhai wao wakiwa na nusu ya habari.

Mwaka 2022 watu wapatao milioni 2.5 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya mapafu, na wapatao milioni 1.8 walikufa kwa ugonjwa huo. Hakuna saratani nyingine inayoua watu wengi kiasi hicho. Chanzo kikuu ni tumbaku, ingawa wasiovuta nao huugua: moshi wa makaa ya mawe ndani ya nyumba umethibitishwa kuwa unasababisha saratani, na moshi wa kuni umewekwa katika kundi linalofuata, la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha. Ugonjwa huu huua zaidi kwa sababu hugunduliwa umekwisha kusambaa. Kwetu Afrika Mashariki kuna kikwazo cha ziada. Kikohozi kisichokoma, kukonda, maumivu ya kifua na makohozi yenye damu ni dalili za kifua kikuu pia, na kifua kikuu ndicho tunachokizoea. Mgonjwa humeza dawa za TB miezi mingi, uvimbe nao unakua.

Sasa tuingie ndani ya seli. Seli ya pafu na seli ya jicho zina DNA ile ile, herufi kwa herufi. Tofauti yao ni kwamba katika kila moja baadhi ya jeni husomwa na nyingine hunyamazishwa. Elimu ya namna jeni zinavyosomwa au kunyamazishwa bila herufi zake kubadilika ndiyo tunayoiita epijenetiki, jina ambalo Conrad Waddington wa Uingereza alilitumia mwaka 1942, kabla umbo la DNA halijajulikana. Njia za kunyamazisha ni kadhaa. Nitataja mbili. Ya kwanza ni kikundi kidogo cha kemikali kiitwacho metili, kinachobandikwa juu ya herufi C pale inapofuatwa na G. Vikirundikana mahali jeni inapoanzia, mitambo ya seli haiwezi tena kuisoma. Ya pili inahusu histoni, yaani protini ambazo DNA imezizunguka. Vimeng'enya fulani huzinyang'anya histoni alama ziitwazo asetili, DNA ikabana, na jeni zilizomo zikafichika.

Mfano ulio muhimu kuliko yote kwa mapafu ni jeni iitwayo p16. Kazi yake ni kuizuia seli isigawanyike ovyo. Ni mlinzi wa getini. Katika seli nyingi za saratani ya mapafu mlinzi huyu yupo mzima, hajafa wala hajakatwa mkono. Amelazwa usingizi kwa metili. Hapa ndipo matumaini yote ya fani hii yalipo. Jeni iliyoharibika herufi zake hairekebishwi kwa kidonge cha kawaida, lakini jeni iliyolazwa inaweza kuamshwa.

Tena inaonekana mapema. Huko Albuquerque, jimbo la New Mexico nchini Marekani, kundi la Steven Belinsky lilichunguza makohozi ya wavutaji. Makohozi yana seli zilizobanduka kutoka kwenye njia za hewa, na seli hizo zina DNA. DNA ikitiwa katika kemikali iitwayo bisalfaiti, kila C isiyo na metili hugeuka kuwa herufi nyingine, na C yenye metili hubaki kama ilivyo. Kwa kusoma herufi baada ya hapo, mtafiti anajua alama zilikuwa wapi. Mwaka 2000 kundi hilo lilitangaza kwamba alama za metili kwenye p16, au kwenye jeni nyingine iitwayo MGMT, zilipatikana katika makohozi ya wagonjwa wa aina moja ya saratani ya mapafu hadi miaka 3 kabla daktari hajaiona. Miaka 3! Kwa ugonjwa unaoua kwa sababu ya kuchelewa kugunduliwa, huo ni muda mrefu mno wa kuachia upite bure.

Je, jeni iliyolazwa inaamshwa kweli? Ndiyo. Dawa iitwayo azasitidini ilitengenezwa Prague katika miaka ya 1960 kwa nia ya kuua seli tu. Mwaka 1980 Peter Jones na Shirley Taylor walionyesha jambo la ajabu: seli za panya zilizopewa dozi ndogo ya dawa hiyo zilipoteza alama za metili, na baadhi yake zikageuka kuwa seli za misuli. Jeni za misuli, zilizokuwa kimya siku zote, zilikuwa zimeamka. Mwaka 2004 Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa ugonjwa wa uboho unaovuruga utengenezaji wa damu, na mpaka leo inatumika.

Kwa mapafu habari ni ya taratibu zaidi. Mwaka 2011 madaktari wa Johns Hopkins, mjini Baltimore, walitoa matokeo ya wagonjwa 45 wa saratani ya mapafu iliyosambaa, ambao tiba za awali zilikuwa zimeshindwa. Walipewa azasitidini kwa dozi ndogo pamoja na entinostati, dawa inayozuia vile vimeng'enya vinavyonyang'anya histoni asetili. Mgonjwa mmoja uvimbe wake ulitoweka wote. Mwingine ulisinyaa sana. Wawili kati ya 45 ni wachache, nami sitaki kuwapamba. Lakini walikuwa watu waliokwisha kuambiwa hakuna la kufanya, na walithibitisha kwamba mlango huu unafunguka hata kwa mapafu.

Mimea inaingia hapa, na sababu yake inaeleweka. Mmea hauna miguu ya kukimbia. Hujikinga na wadudu, ukungu na jua kali kwa kutengeneza kemikali, na nyingi kati ya hizo zina maumbo yanayonasa kwenye vimeng'enya vya wanyama. Mwaka 2003 kundi la Chung Yang katika Chuo Kikuu cha Rutgers lilichukua kemikali kuu ya chai ya kijani, iitwayo kwa kifupi EGCG, likaitia kwenye seli za saratani zilizooteshwa maabara, hasa za umio. Kimeng'enya kinachobandika metili kilizuiwa. Jeni zilizokuwa zimelala, p16 ikiwemo, zikaanza kusomwa tena. Ulimwengu wa utafiti ulisisimka, na ulikuwa na haki ya kusisimka. Baada ya hapo zikaja orodha ndefu: sulforafani ya brokoli, kurkumini ya manjano, jenisteini ya soya, resveratroli ya ngozi ya zabibu. Nyingi zimejaribiwa kwenye seli za saratani ya mapafu, na maabara baada ya maabara imeona jeni zikiamka na seli zikipunguza kasi ya kugawanyika.

Naomba tufanye hesabu kidogo, maana watu wengi huishia hapo kwenye orodha. Kiasi cha EGCG kilichotumika katika sahani zile za maabara kilikuwa mikromola 5 hadi 50. Mtu akinywa vikombe viwili vitatu vya chai ya kijani, damu yake kwa kawaida haifiki hata mikromola 1, tena kwa saa chache tu. Utumbo unazuia, ini linabadilisha, figo zinatoa. Zaidi ya hayo, mwaka 2005 maabara ya Peter Jones yule yule iliilinganisha EGCG na dawa ya jamii ya azasitidini kwenye seli za saratani. Dawa iliondoa metili na kuamsha jeni. EGCG haikufanya hivyo kwa kiasi cha maana. Maabara mbili nzuri, majibu mawili. Aina ya seli, muda na dozi vinabadilisha matokeo, na ndiyo maana utafiti mmoja haujengi tiba.

Kisha kuna chai yenyewe. Chai inayotoka viwandani Kericho, Mufindi na Rungwe nyingi ni nyeusi. Jani husagwa, likaachwa hewani mpaka liwe na rangi ya shaba, ndipo likakaushwa. Katika ule muda wa kuachwa hewani, sehemu kubwa ya EGCG huungana na kugeuka kemikali nyingine, zile zinazoipa chai yetu rangi na ukali. Kwa hiyo anayesoma habari za chai ya kijani kisha akaongeza vikombe vya chai ya maziwa na tangawizi anakunywa kitu kizuri, ila si kile kilichochunguzwa.

Manjano yana kisa kinachofanana na hicho. Unga wa manjano una kurkumini kama asilimia 3 tu kwa uzito. Kurkumini nayo huingia kwenye damu kwa shida sana, hata mtu akipewa gramu nyingi kwa siku. Mwaka 2017 wanakemia wa dawa walipitia utafiti uliokuwapo, wakakuta majaribio zaidi ya 120 ya kurkumini kwa binadamu, na hawakupata hata moja lililofaulu miongoni mwa yale yaliyofanywa kwa kulinganisha na kidonge kisicho na dawa, mgonjwa na daktari wote wasijue nani kapewa nini. Wengine hujibu kwamba uchanganye na pilipili manga. Ni kweli: utafiti wa Bangalore wa mwaka 1998 ulionyesha kwamba miligramu 20 za piperini, kemikali ya pilipili manga, zilipandisha kurkumini mwilini kwa asilimia 2,000. Lakini sikilizeni jinsi inavyofanya. Piperini inalizuia ini lisifanye kazi yake ya kutoa kemikali. Ini hilo hilo ndilo linalotoa fenitoini ya mgonjwa wa kifafa na theofilini ya mgonjwa wa pumu, na viwango vya dawa hizo vimeonekana kupanda mtu akipewa piperini. Viungo vya kwenye pilau havina neno. Vidonge vya kiini chake vina neno.

Mboga za majani zina ushahidi unaonivutia zaidi, kwa kuwa umetoka kwa watu. Brokoli, kabichi na sukuma wiki ni za ukoo mmoja. Jani likiwa zima, kemikali na kimeng'enya chake vimekaa mbalimbali. Kisu kikipita, au meno yakitafuna, vinakutana na kuzalisha jamii ya sulforafani. Ndiyo ile harufu kali inayosikika mboga inapokatwa. Kimeng'enya hicho hufa kwa moto mwingi, kwa hiyo sukuma wiki iliyochemshwa mpaka ikalegea imepoteza sehemu kubwa ya uwezo huo. Huko Shanghai, wanaume 18,244 walifuatiliwa, na mwaka 2000 ikaripotiwa kwamba wale ambao mkojo wao ulikuwa na kemikali za mboga hizi walipata saratani ya mapafu kwa uchache, hasa waliozaliwa bila jeni fulani za kuzitoa kemikali hizo mwilini. Na mwaka 2010 kundi la Albuquerque, kwa kuchunguza makohozi ya watu 1,101 waliovuta au waliowahi kuvuta, lilikuta kwamba waliokula zaidi mboga za majani na kupata zaidi folati walikuwa na jeni chache zilizolazwa kwa metili. Huu ndio utafiti ninaowasomesha wanafunzi kwa furaha, maana unaunganisha sahani ya chakula na alama iliyo juu ya DNA ya njia ya hewa ya mtu aliye hai. Hata hivyo ni utafiti wa kutazama. Anayekula mboga nyingi huenda pia anavuta kidogo, anatembea zaidi, ana kipato. Watafiti hujitahidi kuyatenga hayo kwa hesabu, na hesabu haimalizi yote.

Kwa nini nasisitiza hivyo? Kwa sababu tulikwisha kupita njia hii, na iliishia vibaya. Miaka ya 1980 uchunguzi baada ya uchunguzi ulionyesha kwamba watu wenye betakarotini nyingi, ile rangi ya karoti na viazi vitamu vya njano, wanapata saratani ya mapafu kwa uchache. Maelezo ya kibiolojia yalikuwa mazuri. Seli maabara zilikubali. Basi Finland ikawachukua wanaume wavutaji 29,133, wenye umri wa miaka 50 hadi 69, baadhi wakapewa miligramu 20 za betakarotini kila siku, wengine wasipewe. Matokeo yalitoka mwaka 1994. Waliopewa walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Zaidi, si pungufu. Wengi hawakuamini. Marekani ilikuwa na jaribio lake la watu 18,314, wavutaji, waliowahi kuvuta, na waliofanya kazi kwenye vumbi la asbesto, waliopewa betakarotini pamoja na vitamini A. Januari 1996 likasimamishwa kabla ya wakati: saratani ya mapafu ilikuwa juu kwa asilimia 28, na vifo kwa asilimia 17. Kemikali ile ile ambayo kwenye karoti haijamdhuru mtu, ilipotolewa peke yake kwa wingi na kupelekwa kwenye pafu lililojaa moshi, iligeuka. Watu wale walijitolea kwa nia njema, na wapo waliolipa kwa maisha yao. Deni letu kwao ni kutosahau.

Tena dawa za kuamsha jeni zina tatizo lake la pekee. Hazichagui. Inayoondoa metili kwenye p16 inaweza kuiondoa pia kwenye jeni ambayo ni salama ikilala. Tangu mwaka 1983 inajulikana kwamba seli za saratani zina upungufu wa metili katika sehemu kubwa ya DNA yake, hata pale jeni chache za ulinzi zinapokuwa zimezidiwa nayo. Kwa hiyo anayesema mmea wake "unafungua jeni" lazima aulizwe: jeni zipi, kwa kiasi gani, katika kiungo gani, kwa muda gani.

Wapo watakaodhani ninaidharau mimea. Haiwezekani, kwa kuwa wodi ya saratani ya mapafu imejaa mimea. Dawa ya paklitakseli ilitoka kwenye gome la mti wa Pasifiki lililokusanywa mwaka 1962. Vinorelbini ina asili yake katika ua la Madagaska tunalolipanda kwenye bustani. Etoposidi imetokana na mmea wa podofilamu, topotekani na mti wa China. Zote zinaua seli moja kwa moja, hazipiti njia ya epijenetiki, na zote zilipita mlango mmoja: kiini kikatengwa, dozi ikapimwa, watu wakalinganishwa na watu.

Hata Kwale, pwani ya Kenya, inahusika. Mwaka 1972 Morris Kupchan wa Chuo Kikuu cha Virginia alitangaza kiini kikali kiitwacho maitansini, kutoka mmea wa Ethiopia. Wamarekani wakatafuta jamaa zake, wakaukuta mmoja katika vilima vya Shimba, huko Kwale. Zaidi ya tani 27 za mmea huo zilivunwa hapo kwa ajili ya utafiti wa Taasisi ya Saratani ya Marekani. Waliporudi miaka michache baadaye kutafuta zaidi, mmea ulikuwa haujaota tena vya kutosha. Na dawa yenyewe? Ilipopewa watu katika miaka ya 1970 iliwatesa kuliko ilivyowasaidia, ikaachwa. Baadaye sana wanakemia walimfunga mtoto wake kwenye kingamwili inayoitafuta seli ya saratani yenyewe, na mwaka 2013 ikaidhinishwa kwa saratani ya matiti. Miaka 40, na msitu wetu ukiwa umetoa bila kupewa hata haki ya kutajwa kwenye kisanduku cha dawa. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 kuhusu kugawana faida za viumbe ilikuja ikiwa imechelewa kwa Shimba, lakini vyuo vyetu visisaini mkataba wowote wa kupeleka mimea nje bila kuisoma Itifaki hiyo.

Maoni yangu ni haya. Nafasi ya kweli ya kemikali hizi za mimea, kwa upande wa mapafu, ni kwa mtu aliyeacha kuvuta ambaye njia zake za hewa zina jeni zilizolazwa, ilhali saratani bado. Huyo ndiye wa kuingizwa kwenye jaribio: kiini kilichosafishwa, damu ikapimwa kama kimefika, makohozi yakapimwa kabla na baada, kisha afuatiliwe miaka. Kwa mgonjwa ambaye uvimbe umekwisha kusambaa, hakuna mmea hata mmoja uliothibitishwa kumtibu kwa njia hii, na anayemuuzia kwa ahadi hiyo anamdhulumu. Kwa wanafunzi wangu wa famasia: tasnifu inayoishia kwenye "dondoo liliua seli ndani ya sahani" haijaanza. Taasisi yetu ya Tiba Asili pale Muhimbili ina waganga wanaoijua mimea na wanakemia wanaojua kuipima. Kaeni nao wote wawili.

Namalizia na maombi. Unayevuta, acha. Miaka 10 baada ya kuacha, hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu hushuka hadi karibu nusu ya ile ya anayeendelea, na hakuna kidonge cha mmea kilichowahi kufikia hapo. Unayetibiwa saratani, mpelekee daktari wako kila chupa na kila unga unaotumia. Vidonge vya chai ya kijani vyenye miligramu 800 za EGCG au zaidi kwa siku vimeonekana kuliumiza ini, na EGCG hiyo hiyo imeonekana maabara ikiizuia dawa moja ya saratani ya damu, botezomibu, isifanye kazi. Nanyi madaktari na wauguzi, muulizeni mgonjwa anachotumia nyumbani, na muulizeni bila kumfokea, ili asifiche. Na kila mgonjwa wa kikohozi ambaye vipimo vya TB havioni kitu, au anayemeza dawa za TB na hapati nafuu, msimwandikie duru nyingine ya vidonge. Mpelekeni akapigwe picha ya kifua, na ikibidi kipande cha nyama kitolewe kipimwe, wiki hiyo hiyo.